Nyumba ya Magurudumu Manne

Wayua alilisikia gari kabla ya kuliona, na moyo wake ukaruka hata akasahau kwamba alikuwa amekasirika.

Alikuwa uani kwa baba yake, mashariki ya Thika, mahali ambapo ukifungua mlango wowote unaona mlima Kilimambogo, akipepeta mbaazi za sikukuu ya mavuno. Gari lile halikuwa na mwenzake nchi nzima. Zamani lilikuwa likisambaza mkate Ruiru na katika mashamba ya kahawa, na likifika penye mwinuko lilikohoa, likanyamaza kidogo, halafu likakohoa tena na kuendelea. Wayua alikuwa amelisukuma mara nyingi mno asiweze kuikosea sauti yake.

"Si hiyo ni gari ya bwana yako?" aliuliza shangazi yake Katunge, dada ya baba yake, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kulala njaa.

"Magari ni mengi, shangazi."

"Ni mengi, lakini ni hiyo moja tu inakufanya umwage mbaazi."

Wayua akatazama chini. Nusu ya mbaazi zilikuwa mavumbini, na kuku walikuwa wameanza sikukuu yao bila kumngoja mchungaji.

Ukitaka kujua kwa nini mwanamke aliyeolewa kanisani, kwa pete na kwaya na mbuzi wote wa mahari wakiwa wamefika, alikuwa bado akipepeta mbaazi kwa baba yake, itakubidi umjue mzee Munyao. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye kofia moja ya Jumapili na msimamo mmoja wa siku zote. Alipomwoza binti yake kwa Kimeu, mpiga picha wa Ruiru, alikuwa na raha, maana kijana alikuwa na studio karibu na stesheni na chumba cha kupanga nyuma yake. Kumbe Kimeu alikuwa na mawazo mengine. Harusi haijapoa, alikiachilia chumba kile, akanunua gari kuukuu la mkate, akatia ndani kitanda cha kukunja, stovu ya mafuta, na kabati jeusi lisilopitisha mwanga la kusafishia picha. Wayua akashona mapazia kwa leso mbili. Wakaondoka, wakapita Isiolo, wakaingia jangwani kutafuta makorongo ambayo Kimeu alikuwa akiyaota tangu utotoni, pale ambapo miamba myekundu imesimama pande mbili na mto umeacha mchanga tu.

Waliporudi kuwasalimu wazee, weusi wa jua na wenye furaha hata ya kuonea haya, Munyao alilizunguka gari mara moja, akachungulia dirishani, akakiona kitanda.

"Mtu akilala kwa gari, huyo ni abiria," alisema. "Mimi sikutoa msichana wangu awe abiria."

"Hii ni nyumba yetu, Baba," Kimeu alijibu.

"Nyumba haina usukani."

Likaisha hapo. Munyao akasema Wayua atatoka pale siku atakapoonyeshwa nyumba, na Kimeu, ambaye naye kiburi hakukiazima kwa mtu, akasema nyumba ameshaiona. Akawasha gari akaenda zake Ruiru. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wayua alipewa jembe siku ya kwanza.

Lakini kwamba mume wake aliondoka, hilo Wayua angeweza kumsamehe. Kilichomkasirisha ni jambo jingine, na hakuwa amemwambia mtu.

Honi ililia langoni. Kimeu hakuingia. Alipiga honi, akangoja, akapiga tena, kwa sababu kwa Wakamba mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawaonani uso kwa uso. Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya ukwe, na hata kanisa halikuwa limeiondoa. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Basi honi ile ilikuwa adabu, ya kumpa mama nafasi. Na kweli mama yake Wayua, Syombua, mwanamke mnene mwenye haraka za ghafla, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akavuka uwanja mbio, akajitosa nyuma ya ghala.

"Mwambieni asikae sana," sauti yake ikatoka huko nyuma. "Ugali wangu uko motoni."

Wayua alijifunga leso upya, akajipangusa uso, kisha akajikasirikia kwa kujipangusa. Akaenda langoni polepole.

Kimeu alikuwa ameegemea gari. Alikuwa amekonda, na shati lake lilikuwa na kifungo cha rangi nyingine, kimeshonwa na mtu asiyejua kushona. Walitazamana. Wayua alikuwa amepanga maneno yake vizuri tangu wiki zilizopita, lakini alipoyaona yale macho yakimtafuta usoni, yakishuka hadi mikononi na kurudi tena, maneno yakapungua.

"Umekonda," alisema.

"Nimekonda kwa sababu ninakula mkate na chai. Na chai yenyewe sijui kupika."

"Ulikuja kutafuta mpishi?"

"Nilikuja kukutafuta wewe, Wayua." Akasogea hatua moja, akasita, kwa sababu mzee Munyao alikuwa ametokea mlangoni na kofia yake. "Mchungaji ameniita. Kesho baada ya ibada nipige picha ya kanisa lote, na nitundike zile za jangwani watu waone. Halafu Jumatatu naenda."

"Unaenda wapi?"

"Kule kule. Dereva wa lori amenipa habari, mvua imenyesha kwenye makorongo. Maua yanatoka kwa mchanga, Wayua! Meupe na ya manjano, kutoka ukuta mmoja mpaka ule mwingine. Lakini hayangojei mtu. Jua likirudi, kwisha." Sauti yake ikashuka. "Twende."

Moyo wake ulikwisha kwenda, tena ulikwisha pita Isiolo. Lakini mdomo ukabaki.

"Niende kama nani?"

"Kama bibi yangu. Kama nani tena?"

"Nilikuwa Thika juzi, kununua chumvi. Nikapita duka la vitambaa, lile la pale karibu na soko. Dirishani nikaona picha kubwa ya korongo. Watu walikuwa wamejazana. Chini yake imeandikwa, Picha na Kimeu wa Ruiru."

Kimeu akageuza macho, akatazama gurudumu la gari.

"Ile picha nani alipiga, Kimeu?"

Naye alijua. Wote wawili walijua. Ilikuwa asubuhi yao ya mwisho kule korongoni. Kimeu alisema bila mtu chini yake ukuta ule wa mawe utaonekana kichuguu tu, akashuka mbio akasimama kwenye mchanga, mdogo, mikono kiunoni. Wayua akabaki juu na kamera ya miguu mitatu, kichwa ndani ya kitambaa cheusi. Kimeu alimpungia apige. Hakupiga. Aliona kwamba jua lilikuwa bado linashuka ukutani, na kwamba likifika chini litamgusa yule mtu mmoja na kumwacha akiwaka peke yake katika kivuli chote kile. Kimeu alipunga, akapiga kelele, akarusha kofia chini. Wayua akangoja. Jua likafika, akapiga. Jioni, picha ilipojitokeza ndani ya dawa kwenye kabati lile jeusi, Kimeu aliishika mikono ya Wayua iliyonuka dawa, akaibusu kidole kwa kidole.

"Nilitaka kuandika jina lako," Kimeu alisema sasa.

"Kalamu iliisha wino?"

"Wayua, unajua watu. Wangesema, ni mpiga picha gani huyu, bibi ndiye anamfanyia kazi? Wangenicheka."

"Kwa hivyo uliogopa kuchekwa."

Kimeu alitazama kifungo cha shati lake. Gari lililokuwa likipoa nyuma yake lilitoa mlio mdogo. "Ndiyo," alisema. "Niliogopa."

Laiti angedanganya, ingekuwa rahisi kumkasirikia mpaka mwisho. Kimeu alinyoosha mkono kuondoa ganda la mbaazi lililokuwa limenasa kwenye nywele zake, na Wayua akabana pumzi. Mlangoni mzee Munyao akakohoa. Mkono ukarudi.

"Mimi siendi kuwa abiria," Wayua akasema, na alishangaa kusikia neno la baba yake likitoka kinywani mwake. "Kama niko kazini na wewe, niwe kazini mbele ya watu. Kama sivyo, baba yangu amesema kweli."

"Na nikisema mbele yake, atakuachilia?"

"Ya baba ni ya baba. Mimi nakwambia yangu."

Akageuka akarudi kwenye mbaazi zake. Kuku walikuwa wamezimaliza. Usiku ule alilala chali akisikiliza vyura mtoni, akampenda, akamkasirikia, akampenda tena, na kulipokucha alikuwa hajaamua lolote.

Jumapili ilikuwa na joto zito, na mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa mlima. Kanisa lilijaa hadi nje. Watu walitoka Ngoliba na ng'ambo ya mto, wakileta mahindi, mbaazi, maboga na kuku waliofungwa miguu. Ibada ilipokwisha walitoka wakakuta Kimeu amefunga kamba ya katani kutoka mti hadi mti kwenye uwanja, na kwenye kamba ametundika jangwa zima.

Ajabu ikawa ajabu. Wazee kwa vijana walipanga mstari. Hapa palikuwa na genge refu kuliko mnara wowote, pale mlango wa mawe ambao hakuna mtu aliyeujenga, na pale mchanga uliochorwa na upepo. Gari la mkate nalo lilionekana kwenye picha moja, mapazia yake ya leso yakipepea, na sufuria juu ya stovu nje. Mzee Munyao alipita hapo haraka sana. Lakini alipofika kwenye picha ya mwisho, ile kubwa, alisimama. Alivua kofia yake ya Jumapili, akainama.

"Hii," alisema taratibu, "hii ni kazi. Mungu aliweka hiki kitu mahali na hakuna mtu alimwona." Akaweka kidole chini ya picha. "Na huyu chungu mdogo anayeng'aa hapa ni nani?"

"Ni mimi, Baba," Kimeu alijibu.

"Wewe? Mdogo hivyo?" Munyao aliinuka, na kwa mara ya kwanza tangu aliposema neno lake kuhusu usukani, karibu acheke. "Basi hilo jangwa linajua kupima watu."

Watu wakacheka kweli. Wayua alisimama nyuma ya akina mama, mikono ameikunja kifuani. Kimeu alikuwa akimtazama juu ya vichwa vya watu. Sasa, alifikiri Wayua. Sema sasa. Lakini mchungaji alipiga makofi akatangaza kwamba mvua inakuja na picha ya kanisa ipigwe upesi, na nafasi ile ikapita. Wayua akaona macho ya Kimeu yakianguka chini, na ndani yake kitu kikavunjika kidogo.

Wazee wakaketi mbele kwenye viti. Kwaya ikasimama nyuma. Mavuno yakapangwa miguuni mwao. Kimeu alifungua miguu mitatu ya kamera, akaipachika, akatandika kile kitambaa cheusi. Ndipo shangazi Katunge alipopaza sauti.

"Mwenyekiti wa akina mama yuko wapi?"

Watu wote, kana kwamba wameamriwa, waligeuka kutazama ukuta wa kanisa. Kitambaa cha kichwa cha rangi ya chungwa, kipya kabisa, kilionekana kwenye kona, kikajificha.

Hakuna aliyekuwa amewaza jambo hili. Mchungaji alimwita mpiga picha aliye karibu, mpiga picha alikuja, na wote wakasahau kwamba mwenyekiti wa akina mama, Syombua, ndiye mama wa mke wake. Sasa ataingiaje kwenye picha, na kazi ya mpiga picha ni kutazama?

"Si afumbe macho," kijana mmoja wa kwaya alisema.

"Afumbe macho apige picha ya nani? Ya ng'ombe?" Katunge alimjibu.

"Basi mama Wayua akae kando," Munyao aliamua. "Picha itapigwa bila yeye."

Kutoka nyuma ya ukuta sauti ya Syombua ikasikika. "Katunge! Mwambie ndugu yako kwamba haya maboga ni mimi nililima. Na hiki kitambaa sikununua kwa ajili ya ukuta."

"Bila mwenyekiti wetu hakuna picha," wakasema akina mama, na kumi kati yao wakatoka mstarini.

Mchungaji alitazama mawingu. Munyao alitazama saa yake. Kimeu alisimama na mkono juu ya kamera, na Wayua aliona jasho kwenye shingo yake. Alimjua mume wake. Alijua hivi ndivyo alivyosimama kwenye ukingo wa lile genge siku ya kwanza, kabla ya kuanza kushuka.

"Picha itapigwa na kila mtu ndani," Kimeu alisema kwa sauti. "Atakayepiga ni Wayua."

Manung'uniko yakazuka. "Msichana wa Munyao?" "Ataharibu!" "Ile mashine ya watu?" Mzee mmoja kwenye viti akauliza kama kuna mwanamume mwingine anayejua.

"Wazee, hebu mtazame ile picha tena." Kimeu alienda kwenye kamba, akaichomoa picha kubwa, akairudisha mbele yao wote. Aliiinua juu waione wote. "Hii mmeisifu tangu mtoke ibadani. Baba Munyao ameivulia kofia. Amesema hii ni kazi. Akauliza huyu mdogo ni nani, nikamwambia ni mimi. Sasa mimi nawauliza. Kama mimi niko ndani ya picha, nani alikuwa nje?"

Vichwa vikaanza kugeuka upande wa Wayua.

"Kule hakukuwa na mtu. Kulikuwa na ndege na mawe na bibi yangu. Mimi nilikuwa chini napiga kelele, piga, piga! Yeye alikataa, kwa sababu alikuwa ameona mwanga ambao mimi sikuona. Ningekuwa nyuma ya kamera, hii picha haingekuwako. Halafu nilikuja nikaandika jina langu peke yangu, kwa sababu niliogopa nyinyi mtanicheka." Akaishusha picha. "Sasa chekeni. Lakini anayepiga ni Wayua."

Hakuna aliyecheka. Macho ya Wayua yalijaa machozi hata akawaona Kimeu wawili, na akawapenda wote. Kimeu alimjia akampa kile kitambaa cheusi, na vidole vyao vilipogusana hakuna aliyeharakisha kuvitoa.

"Ngoja mwanga," alimnong'oneza.

"Unanifundisha mimi?" Wayua alimnong'oneza pia.

Kimeu akacheka, akaenda hadi ua wa mkonge ulio kando ya uwanja, akasimama nyuma yake akiwa amewapa watu mgongo, mpole kabisa. Hapo ndipo Syombua alipotokea kwenye kona, kitambaa chake cha chungwa kikiwa kimeinuka kichwani, akaketi katikati ya akina mama kwa uzito wake wote.

Wayua alifunika kichwa. Kwenye kioo cha kamera, ambacho huonyesha kila kitu kimepinduka, kanisa lote lilining'inia kichwa chini miguu juu, maboga hewani, na baba yake akiwa ameketi angani kwenye kiti chake, bado mkali. Hakuwahi kufikiri atamwona baba yake hivyo. Akatoa kichwa nje.

"Baba, kofia inakuficha uso. Inua kidogo."

Munyao alitazama kulia na kushoto kuona nani anayeambiwa.

"Ni wewe, Baba. Inua. Bado. Hapo." Na mzee Munyao, ambaye hajawahi kuambiwa inua wala shusha na mtu wa nyumba yake, akainua. "Shangazi, funga mdomo, utasema baadaye. Kwaya, karibianeni, hakuna anayeuma. Mwaitu, mama yangu, wewe kaa hivyo hivyo."

Wakapangika wote, wazee, kwaya na mchungaji, wakimsikiliza. Wingu lilikuwa limefunika jua. Akangoja. Mtu akaguna, "Sasa anangoja nini?" Wayua hakujibu. Aliliona wingu likipasuka upande wa mlima, akauona mwanga ukija kwenye mashamba, ukivuka barabara, ukigusa maboga kwanza, kisha viatu, kisha nyuso zote kwa pamoja.

"Msipumue," alisema, akapiga.

Akapiga na nyingine, kwa usalama. Alipotoka ndani ya kitambaa, akina mama walipiga vigelegele hata kuku waliofungwa wakaruka, na shangazi Katunge alikuwa amesimama juu ya kiti.

"Wuui! Mmeona huyo? Huyo ni wa kwetu!"

Ndipo mvua ilipoanguka. Haikuanza na matone. Ilimwagika, na watu wakatawanyika. Wanaume wakaingia kanisani na mavuno. Kimeu alitoka mbio nyuma ya mkonge, akaokoa picha zake, akafungua mlango wa nyuma wa gari akazitupia ndani, kisha akarudi mafichoni kwa sababu mama mkwe alikuwa bado uwanjani. Wanawake wazee, ambao hawangeweza kukimbia hadi mlango wa kanisa, waliona mlango ule uliofunguka, wakaupanda mmoja baada ya mwingine.

"Kuna stovu!" Katunge akapiga kelele kutoka ndani. "Kuna kitanda na shuka yake! Wayua, haya mapazia ni wewe? Syombua, njoo uone!"

Syombua alikuwa amesimama hatua chache kutoka mlangoni, maji yakimtiririka usoni. Hakusogea. Kitambaa cha chungwa kilikuwa kimelala.

Munyao alitokea barazani mwa kanisa, koti limefunika kichwa. "Mama Wayua, unangoja nini? Ingia huko, utaugua!"

"Niingie wapi?"

"Hapo! Si mlango uko wazi?"

Syombua alimgeukia mume wake. Kila mtu barazani alimsikia, maana hakufanya juhudi ya kunong'ona.

"Baba Wayua, hiyo ni nyumba ya mkwe wangu. Tangu lini mama akaingia pale mkwe wake analala?"

Munyao alisimama na mguu mmoja nje ya baraza. Wayua, aliyekuwa ameikumbatia kamera chini ya leso, alimwona baba yake akitazama mlango wa gari, kisha mke wake. Akisema ni gari tu, aingie, atakuwa amemwamuru mke wake aivunje nthoni mbele ya kanisa zima. Akisema asiingie, basi amekwisha kusema ni nini. Syombua alingoja, ameloa, mtulivu, na pembeni mwa mdomo wake Wayua aliona kitu ambacho hangeweza kukiapia, lakini kilifanana sana na tabasamu.

Munyao alivua koti. Akatembea kwenye mvua, kofia yake ya Jumapili ikiharibika, akamfunika mke wake, akamwongoza hadi mlango wa kanisa, akamwingiza ndani asionane na mkwe. Kisha akageukia ule ua wa mkonge.

"Mkwe!"

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Nyuma ya mkonge kichwa kikachomoza. "Naam, Baba."

"Nyumba yako imesimama kwa matope. Utaitoa saa ngapi, ikizama?"

Kimeu hakuelewa, kisha akaelewa, na uso wake ukawa uso wa mtoto.

"Sasa hivi, Baba!"

"Na usiende bila mwenyewe." Munyao alimtazama binti yake. Maji yalikuwa yakimdondoka puani, na hakuwa akiyajali. "Wewe, si uko na kazi huko jangwani? Ama unangoja mwanga?"

Barazani vigelegele vikaanza upya, na cha Syombua, kutoka ndani ya kanisa, kilikuwa cha kwanza na cha juu kuliko vyote. Wayua alikimbia. Alikimbia na kamera kifuani, matope yakimrukia hadi magotini, akapanda mbele, na Kimeu akapanda upande wa pili, wote wawili wakitiririka maji, wakitazamana, wakicheka bila kuweza kuacha. Kimeu aliushika uso wake kwa mikono miwili iliyoloa. Barazani kulikuwa na mzee wa kanisa na mchungaji na kwaya nzima. Alimbusu hivyo hivyo.

Kisha akawasha gari. Likakohoa, likanyamaza, likakohoa tena. Nyuma yao mtu aliangusha sufuria, na wanawake wote wakacheka.

"Polepole," Wayua alimwambia mume wake. "Tuna wageni nyumbani."